Omega ya Mjomba

Bibi yangu mzaa mama alifariki Juni mwaka huu, siku chache baada ya sisi kufunga muhula. Matanga yalipoisha, kazi ya kupanga vitu vyake tuliachiwa wajukuu. Havikuwa vingi: vitenge vya WAWATA, rozari tatu, kadi ya ubatizo iliyochakaa kwenye mikunjo, risiti za zaka za miaka mingi zilizofungwa kwa mpira, na chini kabisa ya sanduku la bati, mkebe wa biskuti. Nilipouona mkebe ule nilijua kilichomo kabla sijaufungua, na nikatamani dada yangu atoke nje kwanza.

Hakutoka. Nikaufungua mbele yake. Ndani, katika kipande cha kitenge kilichopigwa fundo, mlikuwa na saa ya mkononi, ya chuma, uso wa buluu, mkanda mzito. Dada akaitazama, akanitazama.

"Hii si ndiyo ile uliyoiuza?"

Sikumjibu. Nilikuwa naangalia mshale wa sekunde. Nilipoiinua tu, mshale ulishtuka, ukaanza kutembea kana kwamba niliivua jana. Saa ile haina betri. Ndani yake mna kizito kidogo chenye umbo la nusu duara; mkono unapotikisika, kizito huzunguka na kukaza springi, na springi ndiyo inayoendesha magurudumu yote. Mkono ukitulia, nguvu huisha baada ya saa 44 hivi, na mishale husimama pale pale ilipofika. Kidirisha cha tarehe kilionyesha 29. Nilimkabidhi bibi saa ile jioni ya Jumapili ya Pasaka, 27 Machi 2016. Ina maana ilitembea peke yake gizani mkebeni mpaka Jumanne, ikakata roho. Miaka tisa.

Alinipa mjomba, Krismasi ya 2015. Anayetoka Kilimanjaro anajua Krismasi ni nini kwetu: walioko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wote wanapanda mlima, vihamba vinajaa magari, na kila familia inahesabu nani amerudi na amerudi na nini. Mjomba alirudi kutoka Mererani. Tanzanite iligunduliwa mwaka 1967 katika vilima vile vya Simanjiro, na mpaka leo haichimbwi mahali pengine duniani. Wajomba wengi wa kwetu wameacha ujana wao katika mashimo yale. Shimo alilokuwa na sehemu yake, kitalu D, lilikuwa limetoa mzigo mwaka ule. Akamjengea bibi jiko la matofali, akachinja mbuzi wawili, na mimi, mpwa wake wa miaka 15, mwanafunzi wa seminari ndogo, akaniletea saa ya Uswisi.

Alinivalisha mwenyewe mbele ya ukoo. "Kwenye mshumaa wa Pasaka," alisema, "huwa naona wameandika Alfa na Omega. Hii hapa Omega. Alfa utamkuta huko huko unakokwenda." Watu wakacheka sana. Bibi aliigeuza saa akaona mnyama aliyechorwa kwenye mfuniko wa nyuma. Ni farasi wa baharini, alama ya saa za aina ile, zinazoitwa Seamaster. Yeye akauliza kama si lile joka la Kitabu cha Ufunuo.

Sikujua lolote kuhusu Omega. Baadaye nilisoma kwamba kampuni ilianza mwaka 1848 katika mji wa La Chaux-de-Fonds, na kwamba mwaka 1969 saa yao nyingine ilifika mwezini mkononi mwa mwanaanga. Wakati ule nilichojua ni uzito wake, na jinsi watu walivyonyamaza nilipoinyoosha.

Shule ilipofunguliwa Januari nilirudi nayo. Ruhusa ya kuvaa saa ilikuwapo. Hakuna aliyewahi kufikiria kuandika ni saa ya aina gani. Wiki ya tatu ilikuwa zamu yangu ya kusoma somo la kwanza. Nilisoma vizuri. Pia nilishika kitabu kwa mkono wa kushoto ambao haukuhitajika, nikageuza kurasa taratibu, na nilipomaliza nilinyoosha shati ambalo halikukunjamana. Baada ya Misa mmoja wa walezi aliniita pembeni, bila ukali wowote. "Mwanangu, leo tumesikia Isaya, au tumeona saa?" Akaichukua, akaifungia kabatini hadi likizo ya Pasaka.

Nilipoirudisha nyumbani nilimpa bibi, nikamwomba aifiche. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimeguswa na mashauri ya Injili. Nilikuwa nimeona haya tu, na nilikuwa na hasira na kila mtu aliyeniona nikiona haya.

Sasa ndiyo habari yenyewe. Krismasi ya 2016 mjomba alirudi tena. Tumekaa nje, mbege inazunguka, akanishika mkono wa kushoto mtupu mbele ya watu wote. "Iko wapi Omega?"

Ningeweza kusema, ipo kwa bibi. Lilikuwa jibu la maneno matatu, na bibi mwenyewe alikuwa amekaa hatua nne kutoka pale. Badala yake nilisikia mdomo wangu unasema: "Niliiuza, mjomba. Fedha nikazitoa kwa ajili ya paa la kigango."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha shangazi mmoja akapiga vigelegele. Mjomba alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kutazamwa nayo tena, akasimama, akanikumbatia. Bibi aliinamia bakuli lake la mtori. Hakuinua kichwa, hakusema neno, siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka anakufa.

Uongo ule ulikuwa na miguu. Kabla ya mwaka mpya mjomba alileta mabati 40 kigangoni. Katekista alipomshukuru baada ya ibada, mjomba alisema yeye hakufanya kitu, amefuata nyayo za mtoto. Habari ikamfikia paroko. Jumapili ya Mchungaji Mwema, watu walipokuwa wakiombea miito, paroko alisimulia juu ya kijana mmoja wa parokia yetu na saa yake, bila kunitaja jina, huku kanisa zima limenigeukia. Nilipoomba kujiunga na seminari kuu, paroko aliandika barua ya kunitambulisha. Sijaiona barua hiyo. Kwa miaka kadhaa nimelala nikijiuliza kama imo saa ndani yake.

Ndugu msomaji, usidhani sikuwahi kuungama. Niliungama, tena kwa ustadi. Niliiweka katikati, baada ya kusinzia wakati wa tafakari na kabla ya kumsengenya mwenzangu: "Nimesema uongo mara kadhaa." Padre aliniondolea dhambi, na sina shaka na sakramenti. Ila Katekisimu, namba 2487, inafundisha kwamba aliyekosa dhidi ya haki na ukweli anabaki na wajibu wa kufidia hata kama amekwisha kusamehewa. Namba hiyo niliisoma mwaka wa malezi. Nikageuza ukurasa haraka kuliko nilivyogeuza zile za Isaya.

Basi Juni hii nikawa na saa mkononi na dada anayesubiri jibu. Nilimwambia ukweli. Alisema tu, "Na bibi alijua?" kisha akaendelea kukunja vitenge, kwa nguvu kuliko vitenge vinavyohitaji.

Kesho yake nilishuka Moshi mjini kumtafuta fundi saa. Kusema kweli kulikuwa na tumaini moja baya moyoni mwangu: kwamba itakuwa bandia. Mjomba si mtu wa kwanza kuuziwa Omega isiyokuwa Omega, na saa ya bandia ingepunguza uzito wa kila kitu. Mzee yule alifungua mfuniko, akaweka kioo jichoni, akakaa kimya kitambo. "Hii ni yenyewe," alisema. Akaniambia mafuta ya ndani yamekauka, kwamba saa kama hii inataka kufunguliwa na kusafishwa kila baada ya miaka michache hata ikiwa haina tatizo, na kwamba mipira inayozuia maji imekakamaa, hivyo nisiingie nayo hata kwenye mvua. Kisha, akiwa bado ameinama, akasema kama naiuza yeye ana milioni mbili taslimu, siku hiyo hiyo.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la muuza kahawa. Hapo nilijenga hoja nzuri kuliko zote nilizowahi kujenga darasani. Nilisema niliiuza, fedha nikazitoa kanisani. Nikiiuza leo na fedha nikazipeleka kigangoni, maneno yale yatakuwa kweli. Yatakuwa yamechelewa miaka tisa, lakini kweli. Paroko atakuwa alihubiri kweli. Mjomba atakuwa alifuata nyayo zilizokuwapo. Hakuna atakayeumia, na kigango kinahitaji sakafu.

Nilikunywa vikombe vitatu nikiwa naishangaa hoja yangu. Kilichoivunja ni kitu kidogo tulichosoma muhula uliopita. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika sehemu ya kwanza ya Summa, swali la 25, anauliza kama Mungu anaweza kufanya yaliyopita yawe hayakuwahi kutokea. Anajibu kwamba hapana: lililokwisha kuwa haliwezi tena kuwa halikuwa, kwa maana huko ni kujipinga, na jambo linalojipinga lenyewe halihesabiwi kati ya yale uweza wa Mungu unayoyagusa. Darasani niliandika jibu hilo nikapata alama nzuri. Kwenye benchi lile lilinijia kwa sura nyingine. Nilikuwa nataka kufanya, kwa shilingi milioni mbili, jambo ambalo Thoma anasema halimo hata katika uweza wa Mungu. Mwaka 2016 sikuuza saa. Hata nikiuza saa 10 leo, mwaka 2016 sikuuza saa. Nikirudi kijijini na risiti, nitakuwa nimetengeneza uongo wa pili unaofanana sana na sadaka.

Nilirudi ndani nikamlipa fundi aisafishe. Fedha ilikuwa nauli yangu ya kurudi seminarini na posho ya miezi iliyobaki. Mama ndiye aliyenikopesha baadaye, baada ya kusikia habari yote. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anamenya ndizi, hakupandisha sauti. Akanawa mikono, akatoka mpaka mpakani mwa kihamba, akarudi na jani la sale. Kwetu Wachaga aliyekosa hubeba jani hilo kwa aliyemkosea, na anayeletewa sale hapaswi kulikataa. Mimi mwanafalsafa wa mwaka wa tatu sikuwa nimelifikiria kabisa. "Usiende mikono mitupu," mama alisema.

Mjomba siku hizi haendi mbali na nyumba yake. Kifua kimeharibika, daktari anasema ni vumbi la shimoni. Mzigo haukutoka tena baada ya miaka ile, na alivyokuwa navyo viliondoka kimoja kimoja, sehemu yake ya shimo, gari, mwishowe pikipiki. Nilimkuta kwenye kigoda chini ya mparachichi, redio begani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Frateri." Tangu nivae kanzu hajawahi kuniita jina lingine. Analitamka polepole, kama mtu anayehesabu noti.

Nilimpa lile jani kwa mikono miwili. Akashtuka. "Unaacha seminari?"

Nikakunja mkono wa shati.

Aliitambua mara moja. Alinyoosha kiganja, nikaivua nikamwekea. Hakuitazama sana; aliiweka sikioni. Saa ile hugonga mara nane kila sekunde, na kulikuwa na ukimya wa kutosha kuisikiliza. Nilimweleza yote, kuanzia Isaya hadi mkebe wa biskuti. Nilijitahidi nisitie sababu.

Alipozungumza, swali lake lilikuwa lile lile la dada. "Mama alijua?"

"Alijua, mjomba."

"Na kila Jumapili alikuwa anakaa chini ya yale mabati." Akapumua kwa shida, akasubiri pumzi irudi. "Unajua nilipouza pikipiki nilijiambia nini? Nilijiambia, mtoto wa miaka kumi na sita ametoa Omega yake kwa Mungu, mimi mtu mzima nitalilia pikipiki? Nikaacha kulia. Sasa niambie, mjomba, nilikuwa naegemea nini?"

Aliniita mjomba, kama alivyokuwa akiniita nilipokuwa mdogo. Frateri alikuwa ameondoka. Nimesoma Augustino juu ya uongo, aliyeandika vitabu viwili kuhusu jambo hilo na hakukubali hata uongo unaosemwa kwa nia njema. Nimesoma Thoma anayefuata njia hiyo hiyo. Wote wawili nilikuwa nimewaelewa kama watu wanaokataza. Sikuwa nimewahi kuona mtu mgonjwa amekaa chini ya mparachichi akiuliza alikuwa anaegemea nini.

Nikafanya kosa lingine. Nilimwambia kuna fundi Moshi anatoa milioni mbili, kwamba saa ni yake, aiuze atibiwe. Alikasirika, mara ya kwanza mchana ule. "Nimekuomba?" Akaichukua saa, akanivuta mkono, akanivalisha mwenyewe kama mwaka 2015, ila mara hii vidole vilikuwa vinatetemeka na kifungo cha mkanda kilimsumbua. Jani la sale alilikunja akaliweka mfuko wa shati.

"Hili nimelipokea," alisema. "Saa sijaipokea. Utaivaa wewe. Na kila atakayekuuliza umeitoa wapi, utamweleza yote. Usimpe nusu. Na lile la mabati pia."

"Mpaka lini, mjomba?"

"Mpaka nitakapokuambia."

Najua baadhi yenu mnaosoma mnauliza kama frateri anapaswa kuvaa saa ya namna hii. Kanuni ya 282 ya Sheria za Kanisa inawataka makleri waishi kwa usahili na waepuke kila chenye sura ya majivuno, na Julai 2013 Baba Mtakatifu Fransisko aliwaambia waseminari na wanovisi jinsi inavyomuumiza kuona padre au mtawa na gari la kisasa la toleo jipya. Nakubaliana na yote mawili. Niliporudi seminarini mwezi wa nane, kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kwenda kwa Padre Gombera kabla hajaiona, kwa sababu nilijua akiiona kwanza yeye nitapata nafasi ya kuchagua maneno. Nilimweleza habari yote, pamoja na barua ya paroko ambayo sijui kilichomo. Nilimwambia kama anaona jambo hili linagusa wito wangu, niko tayari kusikia.

Alinyamaza kwa muda uliotosha kunipa jasho. Kisha akauliza kama paroko anajua. Nikasema bado. Akasukuma simu ya mezani upande wangu, akatoka nje ya ofisi na kufunga mlango. Mazungumzo yale nayaacha kati yangu na paroko. Naweza kusema tu kwamba barua haikutaja saa, na kwamba sikupaswa kujisikia nafuu kiasi kile.

Gombera aliporudi aliniuliza swali moja: "Inakwenda sawa?"

"Inawahi sekunde kumi hivi kwa siku, Padre."

Tangu wiki ile mimi ndiye mpiga kengele. Saa 11:15 alfajiri nipo chini ya mnara, naangalia mshale ule ule niliokuwa nikiwaonyesha watu wakati wa somo la kwanza, kisha navuta kamba na wenzangu wanaamka wakinilaani kimoyomoyo. Msaada wa jukumu hili ni kwamba gizani hakuna anayeiona saa.

Mchana ni tofauti. Mpaka sasa wameniuliza watu saba. Mgumu kuliko wote alikuwa fundi bomba aliyekuja kurekebisha tangi, alitupia jicho tu, akasema kwa wema kabisa, "Frateri, hiyo ni ya Kichina, eti?" Alikuwa amenipa mlango, ameufungua mwenyewe, na nilihitaji kusema ndiyo tu. Nilimwambia hapana. Akaweka spana chini, akakaa juu ya ndoo, nikamweleza. Tangi lilichelewa nusu saa.

Mjomba hupiga simu kila Jumapili jioni. Haulizi masomo. "Wangapi wiki hii?" Namwambia mmoja, au wawili, wiki iliyopita hakukuwa na mtu, akaguna kama mtu aliyepunjwa. Mara mbili zilizopita amerudi kuniita Frateri, lakini si kila mara. Jumapili hii, makala haya yakishatoka, sijui nitamtajia idadi gani.